Macho Hayasubiri Kamera

Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tumekaa barazani pale Tandika mbele ya duka la kusafisha picha, tunagombana kwa sababu ya kamera ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Mwanangu, usicheke. Juzi ulipokuja kunitembelea huku Chanika chai ilipoa mbele yako, umeinamia simu, unabishana na watu usiowajua kuhusu kamera itakayotoka mwakani. Sikukukatiza. Nilikuwa nimekaa nakumbuka yangu, na leo nataka nikusimulie.

Enzi hizo milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa, na vitu vilivyokuwa adimu utotoni kwangu vikawa vinapangwa chini sokoni. Kamera za mtumba zilikuja kutoka Dubai pamoja na redio na pasi. Wengi wetu tulianza kazi hivyo, kila mtu na kamera yake shingoni, mmoja anapiga picha za pasipoti, mwingine ubatizo, mwingine timu za mpira. Jumamosi tulikutana pale dukani kungoja picha zitoke kwenye mashine, na penye kungoja pana maneno.

Maneno mengi yaliletwa na Josefu. Alikuwa mtu wa Newala, mtoto wa mchonga vinyago, mrefu, mcheshi, na wa kwanza kati yetu kuingia kwenye ukumbi wa intaneti kule mjini. Huko aligundua kwamba wapiga picha wa dunia nzima wana baraza lao, wanaongea kwa kuandika. Na wakati huo walikuwa wanaongea jambo moja tu, kamera inayokuja. Haitumii filamu, ukipiga tu picha unaiona mgongoni mwake palepale. Josefu alikuwa akirudi na karatasi zilizochapwa, anatutafsiria mstari kwa mstari huku jasho la safari halijamkauka. Tukawajua wale watu kama majirani. Bwana wa Kanada alikuwa mbishi, wa Brazili alikuwa na maneno matamu, na mmoja wa Uingereza kila siku alikuwa anasema filamu haitakufa. Tukagawanyika na sie. Wawili kati yetu walifikia kununiana kwa sababu ya betri ya kamera hiyo, kwamba itadumu au haitadumu.

Nakwambia ukweli, nilimpenda Josefu kwa hilo na mpaka leo namheshimu. Alitumia nauli yake kwenda kutusikilizia dunia, halafu akaja kutugawia bure.

Aliyekuwa habishani ni Bi Mwanaidi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mwanamke wa Temeke hasa, mfupi, mweusi tii, sauti ndogo lakini akisema mnanyamaza. Kazi yake ilikuwa upande wa wanawake. Unajua kwetu pwani, siku ya kumtoa bi harusi nje, wanawake wakishafunga mlango mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachwa wazi, watu wanacheza mpaka wanajisahau. Mwanamume haingii, hata awe nani. Kwa hiyo anayepiga picha humo ni mwanamke, na si kila mwanamke, ni yule ambaye akina mama wanajua amana ikimfikia imefika. Bi Mwanaidi alikuwa na desturi yake. Picha zikishatoka, humkabidhi mwenyewe picha zote pamoja na filamu yake, yeye habaki na kitu.

Lakini kulikuwa na mahali pamoja pa hatari, nako ni dukani. Mashine lazima iwe na mtu anayeitazama kila picha inapotoka, arekebishe rangi. Miaka yote Bi Mwanaidi alimtegemea binti mmoja aliyekuwa fundi pale. Mwaka huo binti akaolewa Mwanza. Wakabaki mafundi wanaume tu.

Ndipo akaja Mama Rukia, jirani yetu wa Mtoni, siku ileile ya ugomvi wa betri. Binti yake, Rukia, alikuwa anaolewa kabla ya Ramadhani. Alimwita Bi Mwanaidi pembeni, nami nikiwa karibu nikasikia. Mama mzazi wa Mama Rukia, Bi Tatu, alikuwa Kigamboni kitandani, amevunjika nyonga, hawezi kupandishwa gari. Na macho yake yalikuwa na presha. Daktari alishasema nuru iliyobaki ni ya miezi tu, haitarudi. Rukia ndiye mjukuu aliyemlea kwa mkono wake. Bi Tatu hakuomba kitu kingine zaidi ya kuiona siku ile, angalau kwa picha, kabla macho hayajazima.

Mama Rukia alitaka picha zipigwe, na hakutaka zipite machoni mwa wanaume. Rukia mwenyewe alishaapa kwamba kama picha zitasafishwa na wanaume basi hatotoka mbele ya kamera. Na wote wawili walikuwa wamesikia habari za kamera ya Josefu, ile isiyohitaji kusafishiwa picha. Mama Rukia akauliza kama hawawezi kuingoja.

Baraza zima likachangamka. Mwanangu, tulimpa ushauri mama wa watu kana kwamba kamera iko mezani. Josefu alisema ikitoka atahangaika mpaka aipate. Mwingine akasema picha zingoje, bi harusi atavishwa tena baadaye ndipo apigwe picha. Na mie nikasema waisubiri, kwa nini watumie kitu cha zamani wakati kipya kiko njiani?

Bi Mwanaidi akanigeukia.

"Saada," akasema, "kamera yenu haijazaliwa. Macho ya Bi Tatu yanakufa leo. Mie nikae nimngoje nani?"

Josefu, kwa nia njema kabisa, akamkumbusha kwamba subira yavuta heri.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akajibu. "Nyie kaeni na heri yenu. Mie nina mtu kitandani."

 Maneno yale yaliniingia, kwa kuwa hakuyasema kwa ukali. Aliyasema kama mtu anayekuonyesha kwamba umekaa juu ya kanga yake. Wahenga walishatuambia usiache mbachao kwa msala upitao, na sie tulikuwa tunamshauri mwenzetu aache mbacha wake kwa msala ambao haujafumwa.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Alimuuliza Josefu kama kwenye lile baraza lake la duniani kuna wanawake. Josefu akakuna kichwa, hajui, hakuwahi kuangalia. Akamwambia basi akaulize. Asiulize habari za kamera, aulize kama kuna mwanamke huko anayepiga picha za wanawake wasiotakiwa kuonwa, na anazisafishaje.

Josefu alikwenda kesho yake. Alituambia baadaye kwamba mkono ulikuwa mzito kuandika swali la namna hiyo katikati ya mabingwa wale. Bwana wa Kanada hakujibu kitu. Wa Brazili alitania kidogo. Siku kadhaa zikapita, kisha likaja jibu la mama mmoja kutoka Uturuki. Naye kazi yake ilikuwa ileile. Aliandika kwamba anaisubiri hiyo kamera kwa hamu kuliko wote wanaobishana, maana itamwondolea mzigo mkubwa, lakini harusi za mji wao hazisubiri. Kwa hiyo yeye na wenzake walimwomba mwenye duka mmoja awafungie duka nusu siku, na mwanamke mmoja kati yao akajifunza mashine. Akamalizia kwa kumwombea dua Bi Mwanaidi, mtu asiyemjua hata sura.

Josefu alitusomea yale, kisha akayarudia tena. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Miezi yote tulikuwa tumekaa kwenye baraza lenye watu wa dunia nzima, na hatukuwahi kuwauliza kitu tunachokihitaji.

Bi Mwanaidi akanitazama mie. Nikajua mwanamke wa kujifunza mashine ni mie.

Aliyenifundisha mashine ni Josefu, kwa sababu aliwahi kuifanyia kazi kabla hajanunua kamera yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama haswa. Kila jioni duka likikaribia kufungwa ananisimamia, natumia filamu za timu za mpira na za pasipoti, za wateja waliokubali. Ugumu ulikuwa kwenye kuingiza filamu. Ikiingia upande itakwama ndani, na ikikwama imekwisha, na harusi hairudiwi. Niliwahi kukwamisha moja, ya picha nilizopiga mwenyewe, nikalia. Josefu hakunicheka. Alifungua mashine, akanionyesha ilipojikunja, akaniambia nianze tena. Sikumsikia hata mara moja akiitaja kamera inayokuja siku zile.

Mwenye duka, Mungu amrehemu, alikubali kufunga Jumapili asubuhi. Alisema mama yake mzazi naye alizikwa hajawahi kupigwa picha kwa sababu hiyohiyo.

Harusi ilikuwa harusi. Bi Mwanaidi alikuwa na ile kamera yake kuukuu iliyobanduka ngozi, anapita katikati ya wanawake wanaocheza bila kumgonga mtu. Rukia alipotolewa, amevaa dhahabu mpaka shingo imelemewa, ukumbi ulilipuka vigelegele, na mwenyewe akainua macho akaitazama kamera bila woga. Alikuwa anamtazama bibi yake. Kila mtu mle ndani alijua.

Jumapili tukaingia dukani wanawake watatu, mie, Bi Mwanaidi na somo wa bi harusi, yule mama aliyemfunda, akiwa shahidi wa familia. Kioo cha mbele tulikifunika kwa kanga. Na nje, mwanangu, walisimama wapiga picha wa Tandika, Josefu katikati yao, wamekipa kioo mgongo, ingawa kimefunikwa. Alikuja mzee mmoja anataka picha zake za pasipoti, akawa mkali. Nikamsikia Josefu anamwambia kwa upole, "Shikamoo mzee. Leo duka lina wenyewe, tuvumilie." Na wale wawili walionuniana kwa sababu ya betri walikuwa wamesimama bega kwa bega. Hapo nilijisikia fahari ya kuwa mpiga picha kuliko siku nyingine yoyote.

Niliingiza filamu taratibu, nikiangalia isiingie upande. Mashine ikaimeza, ikaanza kunguruma. Bi Mwanaidi alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake. Filamu ikatoka upande wa pili, nzima. Picha za kwanza zilikuwa nyekundu mno, nikarekebisha, zikaja nyingine, na nyingine, na Rukia akatokea kwenye karatasi anang'aa. Somo akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Picha zote na filamu tukazikabidhi mikononi mwake.

Kigamboni mie na Bi Mwanaidi tulivuka kwa pantoni na Mama Rukia, picha amezikumbatia. Bi Tatu alikuwa ameinuliwa akaegemezwa mito karibu na dirisha. Tukamwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono kutaka picha kabla hata hatujakaa. Alizitazama moja moja, anazileta mpaka karibu na pua, anaziinamisha kuelekea kwenye mwanga.  Ile ya Rukia akiitazama kamera aliishika zaidi ya nyingine zote. Hakuuliza imepigwa kwa kamera gani.

Mwishowe akaiweka kifuani.

"Haya," akasema, "sasa yakitaka kuzima, yazime. Nimeshapata cha kutazama."

Bi Mwanaidi alitoka nje. Nilimkuta ameshika ukingo wa kisima, analia kimyakimya, na mie nikalia naye.

Ile kamera nayo ilikuja. Haikuwa uongo. Josefu aliiazima kwa mtu mmoja mjini akaileta barazani, na Bi Mwanaidi akampiga nayo picha, akaiona sura ya Josefu imetokea mgongoni mwa kamera, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema ni nzuri kweli, wenzetu walikuwa na haki ya kuipigania. Miaka michache mbele alinunua yake, na hakuna aliyefurahi zaidi yake, maana harusi zake hazikuhitaji tena kufungiwa mtu duka. Lakini siku Josefu anaileta pale Tandika, Bi Tatu alikuwa haoni tena hata mwanga wa dirisha. Wageni wakimtembelea alikuwa akiwasimulia picha za harusi ya mjukuu wake, nani kasimama wapi, nani kavaa kanga gani, na hakukosea.

Basi mwanangu, sikukatazi kubishana. Baraza lenu la simuni ni zuri, lina watu wenye elimu na watu wenye huruma, na mmoja wao yuko huko Uturuki au kwingineko anangoja uulize cha maana. Muulize. Kipya kikija kipokee kwa mikono miwili, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Ila kabla hujasema utakingoja, angalia kwanza kama kuna mtu anayekungoja wewe. Kama yupo, inuka na hicho ulichonacho. Kama hujui namna, jifunze. Kama peke yako huwezi, waite wenzako, hata wale mlionuniana, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukipewa sura ya mtu uitunze, itunze hata pasipo mwenye kukuona.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akuepushe na khiyana, akupe wenzi watakaokupa mgongo siku ya kukulinda. Na kila anayekutegemea, akujaalie umfikie macho yake yangali yanaona. Amina.