Bendera Nyekundu ya Machimbo

Kabla ya mlipuko kulikuwa na filimbi, na kabla ya filimbi kulikuwa na bendera. Machimbo ya mawe yalikuwa ng'ambo ya shamba la kahawa lililopakana na kwetu, nje kidogo ya Ruiru. Siku ya kulipua baruti wafanyakazi walipandisha kitambaa chekundu mlingotini ili watu wakae mbali, wafunge mbuzi na waanue nguo kabla ya vumbi. Majirani waliitazama ile bendera kama wanavyotazama wingu la mvua. Mimi niliitazama roho mkononi. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu kubwa pale nyumbani haikuwa kuosha vyombo wala kuteka maji. Ilikuwa kuiona bendera kabla Baba hajausikia mlipuko.

Baba alikuwa mwanajeshi. Alirudi kutoka Somalia akiwa na mikono yake yote na miguu yake yote, na watu wa kanisani walikuja kushukuru pamoja nasi, wakala, wakaimba, wakaenda zao. Mlipuko wa kwanza baada ya hapo ulimkuta uani akinyoa ndevu. Alijitupa chini, uso kwenye matope kando ya karai, mikono juu ya kichwa, akakaa hivyo mpaka chai aliyotengewa na Mama ikapoa. Alipoinuka hakunitazama. Tangu siku hiyo Mama aliniweka zamu. Machimbo yalilipua Jumanne na Ijumaa jioni, na siku hizo nilitoka shule mbio, nikapanda juu ya tangi la maji, nikakodoa macho. Kitambaa kikipanda tu, nilishuka kumwambia, "Baba, imepandishwa." Aliacha alichokuwa akifanya, akakaa kitini mgongo ukiwa ukutani, akashika kikombe kwa mikono miwili. Mimi nilikaa chini karibu na miguu yake. Filimbi ililia, pakawa kimya, kisha ardhi ikatikisika na chai ikammwagikia vidoleni. Nilirudi tangini kuangalia, nikaleta habari tuliyoingoja sote: "Imeshushwa." Hapo ndipo alipopumua.

Kazi ile ilinila. Darasani nilikaa karibu na dirisha, ingawa kutoka shuleni kwetu mlingoti haukuonekana hata kidogo. Niliogopa kwamba siku moja nitapiga chafya, au nitageuka kumwitikia mtu, na bendera itapanda nikiwa nimeipa mgongo. Wenzangu walicheza mpira wa kati na kuruka bladaa, wakanicheka kwa kuwa sikukubali kuingia mchezoni. Ningesemaje kwamba Baba, mtu mzima aliyebeba bunduki, alinihitaji mimi ili asianguke?

Mtu mmoja tu aliyenipa likizo alikuwa Musyoka. Yeye na Baba walikuwa wametumwa Somalia pamoja, na sasa alilima ndengu huko Ngoliba, kwenye joto na vumbi jekundu. Alikuja kwetu akipitia Thika, gunia begani, kicheko chake kikimtangulia getini. Alikuwa mkubwa wa mwili, Baba mwembamba, na alimwita Baba "Afande" kwa utani ingawa walikuwa cheo kimoja. Hawakuzungumza habari za vita. Walikaa uani wakichambua mawe kwenye ndengu, saa nzima bila neno, na Mama hakuwasumbua. Akifika siku ya kulipua, Musyoka aliniangalia pale juu ya tangi na kuniambia, "Nyambura, shuka ukacheze. Leo zamu ni yangu." Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyowapenda wajomba zangu.

Ni Musyoka aliyeleta habari za filamu. Sokoni Thika alikuwa amekutana na vijana wa kutoka Nairobi waliotaka kupiga picha mchezo wa kuigiza kuhusu marafiki wawili waliorudi kutoka vitani, mmoja wao akiwa hawezi kuishi na aliyoyaona. Walitaka watu wanaojua kuvaa magwanda na kutembea kama askari, na walikuwa wamepewa ruhusa ya kutumia lile shamba la kahawa jirani na kwetu. Mama alikataa. "Baba Nyambura hajapona, na wewe unamrudisha huko huko," alimwambia Musyoka, akikoroga sufuria kwa nguvu. Musyoka hakucheka siku hiyo. "Mama Nyambura, huko hajatoka bado," alisema. "Wacha niende na yeye." Baba alikuwa mlangoni akisikia yote. Aliingia ndani akatafuta viatu vyake.

Wale vijana walichagua Jumamosi, siku ambayo machimbo hayalipui. Lakini Ijumaa hiyo ilinyesha mvua kutwa, na sisi wa pale tulijua, ila hatukukumbuka, kwamba mvua ikizuia baruti Ijumaa, inalipuliwa kesho yake. Nilienda na Baba. Sehemu yake ilikuwa fupi: ambebe Musyoka mgongoni, apite naye kati ya miti ya kahawa, kisha amlaze chini na kumlilia. Mwelekezaji, kijana mwenye kofia, aliamuru kimya. Baba alimbeba Musyoka, akaanza kutembea, na uso wake ukabadilika nikashindwa kuutambua. Nikainua macho. Juu ya miti ya kahawa, kitambaa chekundu kilikuwa kikipanda.

Sijawahi kuogopa vile tena. Kila mtu alikuwa amenyamaza kwa ajili ya filamu, na msichana mmoja kati ya wale vijana alikuwa ameniwekea mkono begani ili nisisogee. Akilini nilimwona Baba akijitupa matopeni mbele ya watu wote na kamera ikimtazama. Nilimwona hainuki tena. Filimbi ikalia. Wale vijana walitabasamu, wakidhani ni mpira unachezwa mahali. Nikapiga kelele, "Baba, imepandishwa!"

Alinisikia, maana alinigeukia. Kisha ardhi ikatikisika. Magoti ya Baba yalikunjika, yakakaribia kugusa udongo, na nikaona mikono yake ikiikaza miguu ya Musyoka kiunoni. Hakumwachilia. Alisimama tena, akatembea. Alipita mahali alipoambiwa amlaze, akapita kamera, akapita lori la vyombo vyao. "Kata! Imeshika poa sana, mzee," mwelekezaji alisema akimfuata. "Unaweza kumshusha sasa." Baba hakusikia. Kijana alinyoosha mkono kumgusa, na Musyoka, akiwa bado mgongoni, akamzuia kwa macho. Kisha akaniita kwa sauti ya chini. "Nyambura, tembea mbele. Tuonyeshe njia ya nyumbani."

Nikatangulia. Nyuma yangu nilisikia pumzi ya Baba, viatu kwenye barabara ya murram, na Musyoka akimwambia kila mara, "Twende tu, Afande. Usiniweke chini." Watu walitoka madukani wakatazama, na hakuna aliyetucheka. Mama alikuwa getini kwa sababu ya mlipuko, mkono mdomoni. Hapo uani, kwenye mkeka wa kuanikia maharagwe, Baba alimlaza Musyoka polepole, akamnyoosha miguu, akakaa kando yake. "Amefika," akasema. Akalia kwa sauti, na Musyoka akalia naye.

Ni Musyoka aliyenieleza baadaye kwamba walikuwa watatu. Wa tatu aliitwa Barasa. Barasa alipopigwa risasi, Baba alimbeba mgongoni tangu asubuhi, na jua lilipokuwa kali wakaamriwa wamwache na kupanda gari, kwa kuwa alikuwa ameshakufa. Baba alimshusha. Hilo ndilo alilorudi nalo.

Filamu ilikuja kuonyeshwa kwenye kibanda cha video pale Witeithie, tukaenda na majirani. Baba alibaki nyumbani. Sauti yangu ilikuwa imefutwa, na mahali pake paliwekwa muziki wa kinanda. Askari mwembamba anambeba mwenzake, anayumba, anatembea mpaka anatoka kwenye picha, basi. Watu walipiga makofi. Nilitaka kuwaambia kwamba hakuishia hapo.

Sasa machimbo yamefungwa, shimo limejaa maji, na miti ya kahawa imeng'olewa kupisha maghorofa. Ninaishi Membley, papo hapo Ruiru, na mume wangu na binti yetu, nyuma ya geti lenye mlinzi. Baba na Musyoka wanalima tikiti maji pamoja Ngoliba, wanabishana juu ya mbegu. Baba hajawa mtu mpya. Bado anakaa mahali anapouona mlango. Lakini analala.

Juzi alikuja kunitembelea. Tulikuwa tukinywa chai transfoma ya barabarani ilipopasuka kwa kishindo. Sikumbuki kuinuka. Nilijikuta kwenye roshani, nimeshika chuma, macho yakipekua mapaa ya jirani. "Mama, unatafuta nini?" binti yangu aliniuliza. Niliendelea kupekua, paa baada ya paa.

Baba aliweka kikombe chini. Alikuja akasimama kando yangu, akatazama mbali upande uliokuwa wa machimbo, akachukua muda wake, kama mtu aliyepewa zamu. Kisha akanishika mkono akanirudisha kitini.

"Nimeangalia, Nyambura," alisema. "Imeshushwa."