Mlango wa Saba

Mwaka wa 2000, waasi wakitawala mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, Sikitu alipanda huko kutoka Beni kuangalia parseli, kiwanja chenye nyumba, ya kununua. Alikuwa mjane, mchuuzi wa mafuta ya mawese kutoka Mangina, na alikuwa amechoka kutegemea barabara iliyoota kizuizi kipya kila juma. Nyumba za kupangisha, alisema, haziombwi laissez-passer, kile kibali cha kupita vizuizini.

Mwenye parseli, Paulin, alimwonyesha jengo refu la matofali lenye milango saba, kila mlango nyumba ya mpangaji. Alitaka wamalize mapatano pale uani, bila kuingia ndani. Sikitu akavua viatu, akaingia. Katika kila nyumba aliuliza mvua inapitia wapi, akainua mikeka kutazama sakafu. Aliomba afunuliwe shimo la choo. Lilikuwa karibu kujaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa. Paulin alisema ni lipu tu. Sikitu akaingiza vidole vyote humo.

Mlango wa sita ulikuwa mtupu, na wa saba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Paulin alimvuta pembeni: mle wanakaa askari wawili wa waasi, hawalipi, na hakuna anayethubutu kubisha hodi. Anne-Marie, mpangaji wa mlango wa tano, alimshika mkono amzuie.

Sikitu alibisha. Askari mmoja alifungua, bunduki begani, akamwuliza anatafuta nini.

"Niko naangalia nyumba mbele ya kununua."

"Huku hapana kwako, mama. Hauogopake?"

"Niko naogopa. Mais parseli iko na milango saba, na miye nimeona sita."

Askari alimkazia macho, kisha akasogea. Sikitu aliingia. Akatazama mabati, akatazama sakafu iliyopasuliwa na moto wa kupikia, akatoka bila haraka.

Alimwambia Paulin aandike yote kwenye karatasi ya mauzo: choo, ufa, na askari. Paulin alikataa kutaja askari. Sikitu akakataa kutia sahihi, akarudi Beni. Baada ya majuma matatu Paulin alimfuata huko na karatasi iliyoandikwa kila kitu, hata askari, na Sikitu akalipa, akatia sahihi.

Watu walidhani atangoja askari waondoke ndipo ahamie. Yeye alihamia mlango wa sita, ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu ya majirani wale. Kila Jumamosi alibisha kwao, akaingia, akakagua mabati na sakafu kama kwa wapangaji wengine. Walikaa miezi kumi na mmoja, kisha wakapelekwa Kirumba, wakabeba hata dirisha la nyumba. Sikitu aliita seremala siku hiyo hiyo.