Mstari wa Maharage Nyuma ya Duka

Hakuna trekta la mkono linalomshinda Wenceslaus. Kinachomshinda ni kusema lake la moyoni. Ni fundi wa duka la mashine za kilimo, njia ya kushukia stendi ya mabasi ya Nyabugogo, na kwao ni ng'ambo ya mpaka, Sumbawanga. Dukani humwita Fundi tu. Wakitaniana kwa Kinyarwanda, yeye hucheka wenzake wakishamaliza, kisha jioni anakwenda chumbani kwake kula peke yake. Upweke wa namna hiyo hauui mtu, lakini jamani, unamla.

Nyuma ya duka kuna kipande cha udongo. Mteja hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia, anataka aone mashine ikilima. Basi Wenceslaus hulima leo pale, kesho palepale, na tangu duka lifunguliwe hapajapandwa kitu.

Mama yake alipofariki, ndugu waligawana ng'ombe na mabati. Yeye aliomba mbegu: konzi moja ya maharage meupe yenye jicho jekundu, aliyokuwa akipanda mama tangu yeye hajazaliwa. Akayatia kwenye chupa. Wahenga walisema akiba haiozi. Sijui kama walikuwa na maharage. Mwaka huu aliona unga wa wadudu ndani ya chupa, akajua asipoyapanda sasa yamekwisha. Anakopanga ni saruji tupu. Kwa hiyo msimu wa kuuza ulipopita, mvua zikiwa bado zipo, aliyapanda yote kwenye kile kipande, mstari mmoja kando ya ukuta. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Yakaota, yakatoa maua. Kila asubuhi alipita kuyaangalia kabla hajavaa ovaroli, na tuseme ukweli, siku hizo alikuwa na furaha.

Ndipo akaja Mama Pudentienne, mkuu wa ushirika wa wakulima wa Ndera, mama aliyekulia Bujumbura na asiyeonea haya Kiswahili chake. Alitaka kuona mashine ikilima, na zaidi aone inavyogeuka pembeni, maana mashamba yao ni membamba.

"Fundi, washa," akasema bosi Eustache. "Udongo iko pale."

"Na haya maharage?" mama akauliza.

Bosi akamtazama Wenceslaus. Fundi akainamia mashine.

"Yameota yenyewe, mama."

Akawasha. Akalima mpaka ukutani, akageuza, na mstari wote ukaingia chini ya visu.

Mama Pudentienne aliridhika, akaingia na bosi ndani kukamilisha ununuzi. Alipotoka alimkuta Wenceslaus amepiga magoti, anachomoa mashina yaliyojisokota kwenye visu. Hakuyatupa. Aliyalaza ndani ya kofia yake, moja moja.

"Haya uliyapanda wewe," mama akasema.

"Ni mbegu ya marehemu mama yangu. Ilikuwa ndiyo hiyo tu."

Mama akachuchumaa, akayachambua mashina akitafuta hata ganda moja lililokomaa. Yalikuwa maua matupu.

"Mwanangu, kwa nini hukusema? Ningejaribia kwetu Ndera, shamba tunalo. Haya ungeyavuna."

Mficha uchi hazai, na yeye methali hiyo aliijua tangu utotoni. Alitaka kumwambia kwamba hakudhani kuna mtu angejali.

"Oili mbadilishe mapema, mama," akasema. "Mashine hii ikitunzwa, itadumu."