Reli Zilizobanwa Asubuhi ya Julai

Baba yangu hakujua kusoma, lakini joto la chuma alilijua kuliko mainjinia wote waliowahi kupita Kajiado na makaratasi yao kwapani. Miaka ya tisini alikuwa nyapara wa genge lililotunza njia ya reli.

Chuma hutanuka kikipata jua. Ndiyo maana kati ya reli moja na nyingine huachwa mwanya. Baba aliupima kwa vipande vitatu vya chuma alivyofunga kiunoni kwa kamba: kinene cha asubuhi ya baridi, cha kati, na chembamba cha jua la saa saba. Aliweka mgongo wa mkono juu ya reli, kisha akachagua. Sikuwahi kumwona akikosea.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nyumbani tu, nikiota kazi ya ukarani. Kila jioni baba alinisimulia kazi ya siku, nikaiandika kwenye daftari la genge, naye akaweka kidole gumba. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya reli. Angefukuzwa kazi, tungelala nje.

Julai moja niliwapelekea uji asubuhi nikamkuta inspekta, mkubwa wake baba, amesimama katikati ya genge. Ijumaa wageni wakubwa wangepita kwa behewa maalum. Magurudumu hugonga kwenye kila mwanya, na inspekta hakutaka chai ya wageni imwagike.

"Funga hizi mianya zote, mzee. Tumia ile chuma nyembamba."

"Bwana, reli iko na baridi saa hii. Ikipata jua ya Januari itatafuta mahali pa kwenda, na hakuna."

"Kwani inspekta ni nani hapa?"

Vijana wa genge walicheka, wale wale aliowafundisha kushika spana. Baba akabana reli.

Nilipokuwa nikirudi na debe tupu, inspekta alinifuata njiani.

"Nasikia ni wewe unaandikanga hiyo daftari. Stesheni inataka karani. Andika tu mzee alichagua chuma nyembamba mwenyewe."

Nikacheka kwa heshima, mjinga mimi.

Jioni baba aliketi karibu na taa. "Andika nilikataa, yeye akaniamuru. Siku mambo ikiharibika, hiyo ndiyo itaniokoa." Niliandika maneno ya inspekta. Baba akabonyeza kidole chini yake, akafunga uzi mwekundu kwenye ukurasa huo ili asiupoteze.

Wageni walipita, na nadhani chai ilinyweka vizuri.

Januari, saa nane mchana, reli zilikosa pa kutanukia. Zikajipinda kando pamoja na mataruma yaliyozishikilia chini, na mabehewa matatu ya mizigo yakalala kwenye nyasi. Hakuna aliyekufa, kwa hivyo wakubwa walikuwa na wakati wa kutosha wa kutafuta wa kulaumiwa.

Walikuja watatu kutoka Nairobi, wakaketi katika ofisi ya stesheni. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliweka daftari mezani, akalifungua penye uzi.

"Yote iko hapa," akasema. "Msichana wangu atawasomea."

Inspekta alikuwa akikagua kucha zake. Nikasoma: "Leo nyapara amechagua chuma chembamba yeye mwenyewe, akafunga mianya yote bila kuamriwa na mtu."

Baba akanigeukia, akatabasamu kidogo.

"Umeruka mstari, mama. Soma tena."

Nilisoma tena, neno kwa neno. Sauti yangu haikutetemeka. Saa ile niliogopa kitu kimoja tu, kuikosa ile kazi.

"Hiki kidole ni chako, mzee?" mmoja wao akauliza.

Baba aliangalia ukurasa kwa muda mrefu.

"Ni changu," akasema.

Wiki ile ile tulitoa vyombo nje, na Jumatatu iliyofuata nikaanza ukarani. Baba alipata kibarua cha kulinda ploti ya mtu huko Isinya, akakaa hapo mpaka alipokufa. Nilimtembelea kila mwezi, naye alinikaribisha vizuri na kunipikia chai. Barua ikija alinyanyuka, akatoka nje kumtafuta jirani aje amsomee, nami nimeketi pale pale.