Saa ya Ng'ambo Maabarani

Kwa muda wa wiki mbili hivi, kituo chetu cha afya kilikuwa kikitoa majibu ya maabara kabla mgonjwa hajafika. Ndivyo kompyuta zilivyosema. Mtu anaandikishwa mapokezi, daktari anaagiza apimwe malaria, maabara wanapima na kuingiza majibu. Ukifungua kumbukumbu zake, unakuta majibu yalitoka wakati yeye mwenyewe alikuwa bado anapanda kilima.

Daktari wetu alikuwa na sauti inayofika mpaka benchi la nje, kwa hiyo wagonjwa walijua kila kitu.

"Hapa wanakupima ukiwa bado njiani," baba mmoja alimwambia mkewe.

"Kumbe tungebaki nyumbani. Tungepiga simu watuambie tunaumwa nini."

"Wewe unaumwa maneno."

Benchi zima likacheka. Daktari akatoka kuwaomba watu wapunguze sauti, yeye aliyeanza.

Utani ulikuwa mzuri, ila kazi ilikwama. Mfumo tuliotumia ulimwonyesha daktari majibu yaliyoingia baada ya yeye kuagiza kipimo. Yenye saa ya nyuma uliyahesabu kuwa ya zamani, ukayaweka kando. Kioo chake kikabaki kitupu, mgonjwa akabaki benchini, na Mama wa maabara akawa analazimika kuvuka uwanja na karatasi mkononi, goti lake bovu likimvuta upande, kupeleka majibu ambayo alikwisha kuyaingiza kwenye kompyuta zamani.

Kompyuta zilikuwa kazi yangu. Kwetu ni Nemba, wilaya ya Biharamulo, na nilikuja Ngara, mpakani na Burundi, kwa sababu Sista aliyekuwa akiongoza kile kituo alitaka mtu wa kuufunga mtandao na kuutunza. Haukuwa mtandao mkubwa. Seva ilikaa kwenye kichumba nyuma ya stoo ya dawa, na waya zilitoka hapo kwenda mapokezi, kwa daktari, maabara na dirisha la dawa. Watu wa kituo waliniita Fundi. Mama wa maabara peke yake aliniita mwanangu, tangu siku ya kwanza nilipompa shikamoo na yeye akaitikia marahaba bila kuinua jicho kwenye hadubini.

Jambo nililojivunia kuliko yote katika mtandao ule lilikuwa saa. Kompyuta, hata iwe mpya, saa yake hukimbia au hulegea kidogo kidogo, kila moja kwa tabia yake. Kwa hiyo mashine ya kila chumba, kila inapowashwa, huiuliza seva, "Sasa ni saa ngapi?" Seva hujibu, lakini jibu lenyewe hutumia muda kufika. Ni sawa na kumtuma mtu ng'ambo ya bonde akakuulizie saa: akirudi na jibu, saa aliyoambiwa imeshapita. Mashine hufanya hivi: hupima mjumbe ametumia muda gani kwenda na kurudi, hugawanya kwa mbili, huongeza hiyo nusu kwenye jibu, kisha hujirekebisha. Kwa waya fupi kama zetu, safari hiyo ni fupi kuliko kupepesa jicho, lakini mashine huipima hata hivyo. Nilipenda uangalifu huo. Sikuona sababu yoyote ya mashine moja kati ya nne kubaki nyuma kwa saa nzima.

Nikaanza kutafuta, nikifuata mpangilio kama nilivyofundishwa.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa betri. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha duara, kama cha saa ya mkononi, kinachoshikilia saa mashine ikizimwa. Kikifa, mashine inaamka haijui ni lini. Nilimwagiza kondakta wa basi aniletee kipya kutoka Nyakanazi, nikakiweka. Siku iliyofuata maabara ilikuwa nyuma saa moja kamili. Hapo nilipaswa kushtuka, maana betri iliyokufa haina adabu ya kukosea saa moja kamili.

Mtuhumiwa wa pili alikuwa Burundi. Mimi mtu wa Nemba nilikuwa sijui, lakini kwa watu wa kilima kile ni habari ya kawaida. Ukisimama upande wa jikoni, simu yako inadaka mnara wa ng'ambo na saa yake inarudi nyuma saa moja, kwa sababu wenzetu wako nyuma yetu kwa kiasi hicho. Watu hawasemi simu imeharibika. Wanasema, "Simu yangu imekwenda Burundi." Nikadhani labda seva nayo inaipata saa kwa njia hiyo. Nikaikagua. Seva ilikuwa sawa, mapokezi sawa, daktari sawa, dirisha la dawa sawa.

Sista alichoka kabla yangu. Alikuja kwenye kichumba changu akiwa bado na aproni ya wodini.

"Fundi, Ijumaa wanakuja watu wa wilayani kutazama mfumo. Siwezi kuwaonyesha kituo kinachotibu watu kabla hawajaumwa."

"Nitapata dawa yake, Sista."

"Usipoipata, mashine ya maabara naitoa. Mama atarudi kwenye karatasi zake."

"Na goti lake?"

"Goti lake nimeliona kabla yako. Ndiyo maana nakusihi, sikuamuru."

Asubuhi iliyofuata niliingia maabara mapema, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Niliwasha mashine mwenyewe, nikaitazama ikiiuliza seva na kujirekebisha. Ilikuwa sawasawa. Nikajifanya nafuta vumbi nyuma ya jokofu. Mama akaingia, akavaa koti lake jeupe, akapanga slaidi zake. Kisha akaketi mbele ya kompyuta, akashika kipanya, akaenda kwenye kona ya chini ya kioo na kuirudisha saa nyuma, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

"Mama," nikasema.

Hakushtuka hata kidogo. "Kumbe uko huko nyuma. Kila asubuhi naikuta imerudi mbele. Nilidhani ni wewe unayeiharibu, nikaona haya kukuambia."

"Inajirekebisha yenyewe, Mama. Kwa nini unairudisha?"

Akafuta miwani yake kwa pindo la koti. Binti yake mdogo, aliniambia, ni mwalimu wa shule ya msingi Burundi. Aliolewa na kijana aliyezaliwa Lukole, huku kwetu, enzi zile za kambi ya wakimbizi wa Burundi. Familia ya kijana iliporudi kwao, kijana mwenyewe alibaki kumalizia shule huku, wakaonana, wakapendana, na baadaye akamchukua binti na kwenda naye. Mama hakuwa na ugomvi na hilo. Mkwe wake ni mtu mzuri, lugha ni karibu ile ile, na kilima cha kwao kinaonekana kutoka uwanjani kwetu siku isiyo na ukungu.

"Ila nilikuwa nampigia wakati mbaya," akasema. "Nampigia yuko darasani, watoto wanamcheka. Siku nyingine nasubiri, nasubiri, kumbe mapumziko yao yameshapita. Basi nikaiweka hapa saa yake. Nikiinua macho kwenye hadubini, naona. Sasa anafagia. Sasa anaingia darasani. Sasa anakunywa chai, nampigia."

"Lakini Mama, si unatoa moja tu? Mbona hii mashine ikisema kumi unasoma saa nne bila shida? Unatoa sita kutwa nzima."

"Hiyo sita nilifundishwa shuleni, mwanangu. Hiyo moja nilifundishwa na harusi."

Nilimweleza juu ya kioo cha daktari, majibu yanayotupwa kando, Ijumaa na maneno ya Sista. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepima damu za watu wa kilima kile tangu hadubini ilipokuwa ikitumia kioo na jua, siku za mawingu wagonjwa wakiambiwa wasubiri. Alijua maana ya mgonjwa kukawia kupata dawa.

"Basi iache ya hapa," akasema, na akaisogeza mbele kwa mkono wake mwenyewe. "Sikujua kama nawachelewesha watu."

Siku ile yote majibu yalifika kwa daktari bila tatizo. Benchi lilipungua kabla ya mchana. Kila mtu alinipongeza, na mimi nilijisikia kama niliyemnyang'anya mtu kitu. Nilipopita maabara saa ya chai nilimkuta ameshika simu, anaitazama kompyuta, midomo yake ikihesabu. Kisha akairudisha simu mfukoni.

Katikati ya wiki nilishuka Nyakanazi kuchukua waya nilizoagiza. Pale njia panda malori ya kila upande yanakutana, na madereva wanakula kwenye vibanda vilivyopangana kando ya barabara. Niliketi karibu na madereva wawili, mmoja wa kwetu, mwingine Mrundi, waliokuwa wakielekea mpakani pamoja.

"Saa ngapi hiyo?" wa kwetu akauliza, mdomo umejaa wali.

"Sita," Mrundi akajibu, akitazama saa yake ya mkononi.

"Sita wapi? Saba hii."

"Saba yako. Mimi tumbo langu liko kwetu, na kwetu ni sita."

"Basi maliza tuondoke sasa hivi."

"Sasa hivi tumekubaliana," Mrundi akasema, akanawa mikono, na wakaondoka pamoja, huyu saa sita, yule saa saba, lori moja nyuma ya jingine.

Nilibaki na kijiko mkononi. Kitu chenyewe nilikuwa nakijua tangu chuoni, ila sikuwahi kukihitaji. Kompyuta zinapoulizana saa, hazipeani saa ya Ngara wala ya Burundi. Ndani kabisa zote hushika saa moja ya dunia nzima, na hiyo ndiyo ambayo seva huzigawia nyingine. Kile kinachoonekana kwenye kona ya kioo ni tafsiri tu, kufuatana na eneo ulilochagua siku ya kuifunga mashine. Mimi nilizichagulia zote eneo la kwetu kwa sababu ndivyo kila mtu anavyofanya. Mama hakuwa na njia ya kubadilisha tafsiri bila kuharibu kilichomo ndani, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba ni vitu viwili.

Siku iliyofuata nilimketisha mbele ya mashine yake. Nikafungua orodha ya maeneo, nikashuka mpaka nikakuta mji wa Burundi, nikaubonyeza. Saa ya kwenye kona ikarudi nyuma saa moja.

"Unanirudisha kwenye makosa," Mama akasema.

"Pima mtu kwanza."

Alikuwapo mama mmoja na mtoto mwenye homa. Mama wa maabara akapima, akaingiza majibu, na kwa mazoea akaanza kuinuka na karatasi. Kabla hajafika mlangoni tukasikia sauti ya daktari kutoka ng'ambo ya uwanja ikimwita yule mtoto akachukue dawa. Kwenye kioo cha daktari majibu yalikuwa na saa ya hapa, dakika chache baada ya oda yake. Kwenye kioo cha Mama, majibu yale yale yalikuwa na saa ya kwa binti yake.

Mama akarudi kuketi. Akanyooshea kidole ile kona, kisha ng'ambo kwa daktari.

"Yote mawili ni kweli?"

"Yote mawili, Mama."

Ijumaa wageni wa wilayani walikuja, wakaona, wakasifu. Ilikuwa inakaribia saa tano Sista alipowaingiza maabara. Akatupa jicho kwenye kona ya kioo, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mama, saa ngapi sasa?" akauliza polepole.

"Ya hapa au ya kule, Sista?"

Sista akanigeukia. Nikamwambia kila kitu kiko sawa, nitamweleza baadaye. Alimtazama Mama, akanitazama mimi, kisha akawageukia wageni na kuwaambia, "Twendeni dirisha la dawa." Mpaka naondoka kituoni pale hakuwahi kuniuliza, na mashine ya maabara haikutolewa.

Walipotoka, Mama alinipa ishara nisiende. Akatoa simu, akaiweka mezani kati ya slaidi, akasubiri mpaka kona ya kioo ikaribie saa nne. Akapiga. Binti akapokea mara moja. Mama akamsalimu kwa Kihangaza cha huku Ngara, binti akajibu kwa Kirundi, na kama usingejua usingesema ni nchi mbili. Nyuma ya sauti yake kengele ya shule ikalia na watoto wakamwagika nje kwa kelele.

Nikatazama kioo. Tabia ya kazi haikuachi.

"Kengele yao inawahi," nikamnong'oneza Mama. "Saa nne bado kidogo."

Mama akafunika simu kwa kiganja.

"Hiyo nayo," akasema, "usiiguse."