Umeua, Mwanangu

Shule ya bweni aliyosoma binti yangu, kaskazini mwa Johannesburg, ilikuwa na kanisa la mawe, bwawa la maji ya moto na wimbo wa Kilatini ambao hakuna aliyejua maana yake. Ilikosa kitu kimoja tu: mtu wa kuwafasiria Kiswahili.

Siku aliyoshinda mdahalo wa shule nzima, mimi nikiwa ofisini Randburg, nilimtumia ujumbe kama mama yeyote Mkenya: "Umeua, mwanangu! Umewamaliza!" Alasiri hiyohiyo mwalimu mlezi wa bweni akakutwa amekufa chini ya ngazi za mnara wa kengele, kisogo kimepasuka.

Polisi hawakuitwa, maana polisi huja na magazeti. Aliitwa mpelelezi wa kukodi, bwana mwenye soksi za waridi, akakusanya simu za wanafunzi na kuyatia maneno yangu kwenye mashine ya kutafsiri. Mashine haijawahi kuishi Nairobi.

Kesho yake mkuu wa shule alinisomea kwa sauti ya matanga: "Umeua, mtoto wangu."

"Amewaua kwa hoja," nikasema. "Kwetu mtu akipendeza, ameua. Akiimba vizuri, ameua. Hata pilau ikikolea, mpishi ameua."

"Na huyo mpishi," mpelelezi akauliza, kalamu mkononi, "yuko nchini?"

Ningecheka, lakini binti yangu alikuwa ameketi pembeni na sanduku lake limeshafungwa. Wenzake walikuwa wamesogeza vitanda mbali na chake. Lilibaki neno moja tu afukuzwe na kukabidhiwa polisi.

"Ile kamera juu ya mlango wa mnara," nikauliza, "ni ya kupigia picha njiwa?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa ameiangalia. Walikuwa wanashughulika na Kiswahili. Ilipofunguliwa, tuliona sote: mvulana mmoja, yule ambaye maktaba ina jina la babu yake, akimsukuma mwalimu kwa mikono miwili.

Tangu dakika ile neno kuua likahama shuleni. Barua kwa wazazi ilisema mwalimu wetu mpendwa "aliteleza". Polisi walipoitwa hatimaye, mvulana alikuwa ameshapelekwa ng'ambo kupumzika. Mkuu wa shule alinishika mkono, akasema anafurahi kwamba "mkanganyiko wa kitamaduni" umekwisha. Kiingereza chao nacho kinataka mfasiri. Kuombwa radhi, hata kwa Kilatini, hatukuombwa.

Tukirudi nyumbani, tuliposimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, binti yangu alisema kwa Kiingereza, macho dirishani: "Mama, usiniandikie Kiswahili tena."

Nilikasirika. Miaka yote nilimfundisha mimi, neno kwa neno, jikoni kwangu.

Muhula uliofuata alishinda tena. Nikamwandikia kwa Kiingereza kwamba nampongeza. Akanijibu kwa picha ya kidole gumba.