Samaki Aliyekataliwa na Bi Ndoo

Watu nikiwasimulia kwamba mfanyakazi wa usafi alimkatalia daktari mbele ya wagonjwa wanane, jambo la kwanza wanaloniuliza ni alifukuzwa siku gani. Hakuna anayeuliza kama alikuwa na haki. Hilo huniudhi, na mimi nikiudhika husimulia vizuri zaidi, basi tulia nikueleze.

Nilikuwa mapokezi katika kliniki ya meno. Yeye tulimwita Bi Ndoo, kwa sababu saa moja asubuhi ungemkuta na ndoo, na saa kumi jioni ungemkuta na ndoo. Jina lake la kwenye karatasi nadhani lilikwisha kata tamaa ya kuitwa. Mfupi, mabega mapana, sauti ya chini. Alipopiga deki, wagonjwa hawakuinua miguu. Alipitisha tambara kando ya viatu vyao kama mtu anayepalilia kuzunguka mashina, akaenda zake. Daktari naye hakuinua mguu. Miaka tisa hiyo.

Tangi la samaki lilikuja baada ya Daktari kusikia kwamba mgonjwa akitazama samaki husahau jino. Lilikuwa la kioo, refu kama benchi, likawekwa mkabala na viti vya kusubiria. Sasa sikia kosa ambalo ni watu wa meno tu wanaoweza kulifanya. Msaidizi wa Daktari alilisafisha kwa dawa ileile tunayolowekea koleo na vioo vya mdomoni, akalisugua mpaka likang'aa, kisha akamimina maji na samaki ishirini waliochaguliwa wafanane na mapazia. Saa sita mchana wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Wagonjwa siku hiyo walitetemeka kuliko siku zote, na siwalaumu.

Daktari akamwambia Bi Ndoo awatupe samaki na tangi alipeleke stoo. Samaki aliwafukia nyuma ya jengo. Tangi hakulipeleka popote. Alilisuuza kwa maji matupu siku nne mfululizo, akaweka mchanga na majani ya majini, akawasha pampu na kichujio, halafu akaliacha zaidi ya mwezi bila samaki hata mmoja. Tulimcheka. Tulimuuliza kama samaki wake ni wa kiroho.

"Maji nayo lazima yakomae," alisema, akaendelea kupiga deki.

Siku zake za mapumziko alikwenda duka la samaki wa mapambo, akasimama mbele ya vioo saa mbili, tatu, bila kununua, hadi mwenye duka akadhani ni mwizi. Kumbe alikuwa anatazama midomo.

"Mwanangu," aliniambia, "rangi achana nayo. Tazama mdomo. Anayeenea mdomoni mwa mwenzake si jirani, ni chakula. Na usidanganyike na udogo wake leo. Uliza akikua atafika wapi."

Aliuliza mpaka wakamchoka. Huyu anataka maji ya joto au ya baridi? Anakaa juu au chini? Akiwa peke yake ananyong'onyea? Samaki wa dhahabu niliyempendekeza mimi alimkataa papo hapo, kwamba anapenda maji ya baridi na ni mchafuzi asiye na haya. Kulikuwa na wenye milia, wazuri mno, nao akawaacha dukani kwa sababu aliwaona kwa macho yake wakidonoa mikia ya wenzao. "Uzuri wa bure," alisema. Mwishowe akarudi na wembamba kumi na wawili wenye mstari wa buluu, kwa kuwa hao wakipungua kundi huishi kwa hofu. Wanne wenye mikia kama leso. Na kambare sita wadogo kabisa, wasiozidi kidole, wanaookota makombo chini. Hao wa chini ndio aliowapenda. Aliwaita "wafanyakazi wenzangu."

Mwaka mzima hakufa hata mmoja. Kulikuwa na dereva wa lori, pande la mtu, ambaye zamani akisikia mashine ya kutobolea meno alitoka mbio na kusahau kofia. Sasa alikuwa anakuja nusu saa kabla, anakaa karibu na kioo, anahesabu wenye mistari kwa kidole mpaka aitwe. Nilikuwa nashangaa, na kusema kweli nilikuwa naona wivu kidogo. Mimi kwa tabasamu langu lote sikuwahi kumtuliza mtu.

Ndipo akaja mkandarasi aliyekuwa akimjengea Daktari nyumba. Alileta zawadi ndani ya mfuko wa plastiki: samaki mmoja, mpana kama kiganja cha mwanamume, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, midomo minene, macho yanayokufuata. Akaiweka mezani kwangu, akapokea shukrani, akaondoka upesi kuliko kawaida yake.

Daktari alifurahi kama mtoto. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alisema kwa sauti, wagonjwa wakacheka. "Bi Ndoo, mtie ndani tumwone."

Bi Ndoo aliweka ndoo chini. Akauinua mfuko mpaka usawa wa macho, akamtazama yule samaki mdomoni. Akaurudisha mezani taratibu.

"Mgeni huyu akiingia mwenyeji haponi, Daktari. Analiwa. Haingii."

Kicheko kilikatika.

"Haingii? Kasema nani?"

"Mdomo wake."

"Nimefungua midomo ya watu miaka ishirini," Daktari akasema, masikio yamemwiva. "Wewe wa kupiga deki ndiye utakayenifundisha mdomo?"

"Basi mfungue na huyu, Daktari. Kisha mtazame mdogo wangu yule pale chini, uniambie hataenea."

Mtu mmoja alikohoa. Daktari akavaa glavu upya, polepole, kama anayevuta muda. "Nina mgonjwa kwenye kiti. Nikitoka nikute samaki yumo. Nikikuta hayumo, wewe ndiye utakayetoka." Akaingia, akafunga mlango.

Niliona aibu, na nilichofanya kilinizidishia aibu. Niliinama nikamnong'oneza, "Bi Ndoo, mwenye nguvu mpishe. Una watoto shuleni."

"Nimepisha miaka tisa, mwanangu. Nimefika ukutani." Alikuwa anaogopa, usifikiri hakuogopa. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kaa juu ya kifuniko cha tangi. "Na huyu mkubwa naye hana kosa, ndivyo alivyoumbwa. Asifie kwenye mfuko." Akachukua ndoo mpya iliyokuwa stoo, isiyojua sabuni, akaijaza maji ya akiba aliyokuwa akiyaweka kwa ajili ya tangi, akatia pampu ya pili na kuuweka mfuko humo uelee, joto lake lilingane na la maji kwanza. Halafu akavua aproni, akaikunja, akaiweka mbele yangu pamoja na funguo za stoo.

Ile aproni ndiyo iliyonitoa usingizini. Mkandarasi alikuwa mgonjwa wetu. Namba yake nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaweka simu kwenye spika.

"Samahani, mzee. Yule samaki kwako alikuwa anaishi na nani?"

Mkandarasi akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Na wenzake kumi na wanne! Amebaki peke yake, jambazi yule. Mke wangu kaniambia ama yeye ama samaki. Ndiyo nikaona nimletee Daktari."

Mlango ulikuwa umefunguka. Daktari alisimama hapo, barakoa kidevuni. Alikuwa amesikia, wagonjwa wote wanane walikuwa wamesikia, na dereva wa lori alikuwa amesimama kando ya tangi, mikono kifuani, kana kwamba analilinda.

Daktari alitazama ndoo. Akatazama tangi. Nilingoja aombe radhi. Haombi radhi, tunamfahamu.

"Atafutiwe tangi lake," alisema. "Na wewe usinijibu tena mbele ya wagonjwa."

"Hilo siwezi kuahidi, Daktari," Bi Ndoo akasema. "Akija mwingine mwenye mdomo kama ule, nitajibu."

Daktari akapandisha barakoa. Bi Ndoo akaichukua aproni yake mezani kwangu, akaifunga kiunoni, akalowesha tambara na kuanza kupiga deki kutoka mlango wa nje, kwa sababu maji ya ile ndoo mpya yalikuwa yamemwagika. Dereva wa lori akainua miguu. Jirani yake akainua, na aliyefuata, safu nzima, viatu hewani. Tambara likaenda moja kwa moja hadi mwisho wa chumba, likagusa ncha ya kiatu cha Daktari, likasimama.

"Mguu, Daktari," alisema.

Akauinua.